Eskaveta ndogo kwa kung'oa vichaka na miti, ekari 12 Muheza: tani 3 au tani 5?

Mchungwa wa Muheza aliuliza:

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninaomba ushauri wa watu waliowahi kukalia mashine au kusimamia kazi yake shambani, kwa kuwa uamuzi ninaotaka kuufanya utameza akiba yangu ya miaka kadhaa.

Nina shamba la ekari 12 wilayani Muheza, mkoani Tanga. Zamani lilikuwa sehemu ya ardhi ya mkonge, kisha likalimwa mahindi na mihogo kwa muda, na sasa ni zaidi ya miaka kumi halijaguswa na jembe. Karibu ekari 7 ni kichaka kilichofungamana cha lantana na mkulagembe, kirefu kuliko mtu mzima. Ekari 3 zina miti iliyotawanyika, hasa migunga na milusina, na shina nene kuliko yote nimelipima nikapata kipenyo cha sentimita 35. Sehemu iliyobaki ina myembe na mikorosho ya zamani ambayo ningependa isiguswe, pamoja na mabaki ya mikonge. Ardhi inateremka kwa wastani kuelekea kijito. Nia yangu ni kupanda michungwa kwa nafasi ya mita 7 kwa 7.

Nimekwisha kujaribu vibarua wa mapanga na majembe. Walifyeka ekari moja vizuri kabisa, lakini baada ya mvua za vuli mkulagembe ulichipua kwa wingi kuliko mwanzo, na visiki walivyovikata kwa mshazari vikabaki ardhini kama mikuki. Jirani yangu naye alileta buldoza. Kazi yake ilikwisha kwa siku mbili, ila udongo mweusi wa juu ulisukumwa pembeni pamoja na vichaka, na mpaka leo mihogo yake imedumaa katikati ya shamba huku ikistawi pembeni, juu ya matuta ya takataka. Kuona hivyo ndiko kulikonifanya niifikirie eskaveta ndogo.

Ninachotaka kujua ni ukubwa unaofaa kazi hii, kati ya tani 3 na tani 5. Kama cheni za mpira, zile mashine inazotembelea badala ya matairi, zitavumilia visiki. Ni vifaa gani vya kufunga kwenye mkono wa mashine vinavyostahili kulipiwa. Na kama ni busara kununua mashine iliyotumika kutoka Japani badala ya kukodi. Zaidi ya yote, ningependa anayejua anieleze jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, ili nimsimamie opereta bila kumsumbua na bila kudanganywa.

Opereta wa Kilosa alijibu:

Ndugu Mchungwa, nimeendesha vijiko, yaani eskaveta, vya ukubwa mbalimbali kwa miaka 14, mingi kati ya hiyo katika mashamba ya Kilosa na Mvomero, na kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni mtu kuchagua mashine kwa kutazama bei kabla hajatazama kisiki. Wewe umefanya vyema kupima. Uzito wa mashine huamuliwa na kisiki kigumu utakachokutana nacho mara kwa mara, wala si ukubwa wa shamba, kwa sababu shamba likiwa kubwa litaongeza siku tu, ilhali kisiki kisichotoka humfanya opereta ailazimishe mashine mpaka kitu kivunjike.

Kwa uzoefu wangu, mashine ya tani 1.7, ambayo injini yake huwa na nguvu za farasi kama 16 na huchimba kina cha mita 2.3 hivi, inafaa lantana na vijiti visivyozidi unene wa mkono wa mtu, basi. Ya tani 3.5 hung'oa kisiki cha sentimita 20 bila kuhangaika, na cha 25 kwa subira. Ya tani 5 hadi 5.5, yenye nguvu za farasi 40 au zaidi na kina cha kuchimba cha mita 3.5 hivi, ndiyo ninayoweza kuisogeza kwenye mgunga wa sentimita 35 nikiwa na amani moyoni, nayo bado hubebwa na lori la Fuso lenye uwezo wa uzito huo na kupita kati ya myembe yako bila kuijeruhi. Chagua ya tani 5. Ukivuka tani 6 unatoka kwenye kundi la eskaveta ndogo, unaanza kutafuta lobedi, yaani trela la chini la kubebea mashine nzito, na barabara ya kuipitisha, na kwa ekari 12 sioni sababu ya kujitwisha mzigo huo.

Sasa kazi yenyewe. Usimlete mtu wa chenso, yaani msumeno wa injini, akate miti kabla kijiko hakijafika. Mti uliokatwa chini kabisa humnyang'anya opereta mpini wake, kwa kuwa shina ndilo wenzo: ukilisukuma juu, uzito wa mti wenyewe unakusaidia kupindua mizizi, lakini ukiachiwa kisiki cha kimo cha kiganja utachimba shimo la kumzika ng'ombe ili utoe kitu ambacho kingetoka kwa msukumo mmoja. Ikiwa mti ni mrefu kiasi cha kutishia kibanda cha mashine anamokaa opereta, mwenye chenso apunguze matawi na kilele, kisha aache shina la mita 1.5 hadi 2.

Mti wenyewe hung'olewa kwa mpangilio. Simama upande ulio kinyume na mti utakakoangukia, chimba mfereji mwembamba upande wako ukate mizizi, kisha zunguka ukate ya ubavu wa kulia na wa kushoto, ukiacha ile ya upande wa kuangukia iwe kama bawaba. Hapo ndipo unapoinua mkono, unaweka mgongo wa ndoo juu kwenye shina, na unasukuma polepole. Cheni zako zisikanyage mizizi ya mti huo, kwa maana bonge la mizizi likianza kuinuka litaiinua na mashine. Mti ukilala, ingiza meno ya ndoo chini ya bonge, ulinyanyue, ulikung'ute juu ya shimo lake lilelile mpaka udongo urudi ulikotoka. Bonge lililoshikilia udongo sana ligeuze mizizi ielekee jua, uliache siku chache likauke, na ukirudi kulikung'uta utaona udongo unavyomwagika wenyewe. Halafu ufukie shimo na kulishindilia, vinginevyo trekta itakayokuja kulima itatumbukia humo.

Kwa kichaka, simama daima kwenye ardhi uliyokwisha kuisafisha, unyooshe mkono, ushike shina karibu na ardhi, uvute kuelekea kwako, ukung'ute, uweke pembeni. Usipande juu ya kichaka kwa cheni, kwani vijiti huingia kati ya cheni na magurudumu yake na kuitoa cheni mahali pake, na kijiti kimoja kilichochomoza kinaweza kutoboa hozi ya haidroliki chini ya tumbo la mashine. Tena ukienda kwa mtindo huo unakuwa na njia ya kurudi nyuma, jambo utakalolishukuru siku utakayokutana na nyuki. Ninalisema hili kwa uzito. Nimewahi kuligusa gogo lenye uwazi ndani nikiwa kwenye mashine isiyo na vioo, na waliponizunguka sikuwa na pa kwenda ila kuruka na kukimbia nikiiacha injini inaunguruma. Mtu wa chini, aliyevaa kizibao kinachoonekana, apite mbele ya mashine kila asubuhi kuangalia mizinga, mashimo na visima vya zamani, na asikae ndani ya mzunguko wa mkono mashine inapofanya kazi.

Lile bamba la mbele, yaani bledi, usiruhusu litumike kusukuma vichaka. Opereta aliyechoka hupenda kufanya hivyo kwa kuwa ni haraka, naye anakuwa amekufanyia kazi ya buldoza ya jirani yako kwa mashine ndogo zaidi. Bledi ishushwe chini ili kuituliza mashine inapochimba, na itumike kusawazisha mashimo mwishoni. Vilevile asifagie magogo kwa kuzungusha mashine kushoto na kulia, kwa sababu mota ya kuzungushia na pini za mkono hazikutengenezwa kubeba nguvu za ubavuni.

Kuhusu kununua, kwa ekari 12 kodi mashine pamoja na opereta wake, ulipe kwa saa zinazosomeka kwenye mita, usilipe kwa ekari. Anayelipwa kwa ekari hana sababu ya kukung'uta udongo.

Fundi wa Haidroliki alijibu:

Ninaunga mkono karibu yote aliyoyasema Opereta, nami nitaongeza yale yanayoonekana mashine inapoletwa kwangu ikiwa imekufa.

Kifaa cha kwanza kinachostahili fedha yako ni kidole cha kushikia, yaani kile chuma kinachofungwa chini ya mkono ili kibane gogo dhidi ya ndoo. Bila kidole, opereta hubembeleza kila tawi kwa meno ya ndoo na nusu ya siku inapotea katika kuokota kilichoanguka. Cha pili ni reki yenye meno marefu yaliyoachana, ambayo hushika mizizi na kuuacha udongo upite. Cha tatu ni ndoo nyembamba ya sentimita 30 yenye meno makali kwa ajili ya kukata mizizi, maana ndoo pana hutawanya nguvu ileile kwenye meno mengi na hakuna linaloingia.

Wengi huvutiwa na kichwa cha kusagia vichaka, kile chenye pipa linalozunguka. Hicho kinahitaji mafuta mengi ya haidroliki kwa dakika, bila kupumzika, na mashine ya tani 3.5 ambayo laini yake ya ziada, yaani mabomba ya mafuta ya kuendeshea vifaa vinavyofungwa mkononi, hutoa lita 60 hivi kwa dakika italichezesha pipa kwa shida huku mafuta yakichemka. Zaidi ya hayo husaga kilicho juu na kuacha mizizi ardhini, hivyo kwa mkulagembe utakuwa umefanya kazi ya panga kwa gharama ya dizeli. Na kwa kuwa una mikonge, nyuzi zake zitajisokota kwenye ekseli ya pipa na kukata sili zinazozuia mafuta yasivuje. Mikonge ing'olewe kwa ndoo, mmoja mmoja.

Ukiamua hata hivyo kununua mashine iliyotumika, hakikisha ina laini ya ziada ya haidroliki inayokwenda na kurudi. Mashine nyingi zina laini ya nyundo tu, ambayo husukuma mafuta upande mmoja, nayo haiwezi kufungua na kufunga kidole. Usiiamini mita ya saa peke yake. Inyanyue ndoo yenye mzigo, zima injini, uangalie kama mkono unashuka wenyewe. Weka ndoo chini uinue kidogo mbele ya mashine, kisha tazama kama kuna mchezo kati ya sehemu ya juu na ya chini, kwa sababu beringi ya mzunguko iliyolika ni gharama inayoweza kukufanya ujute. Chomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini uone kama kuna rangi ya maziwa. Na uitembeze mbele na nyuma kwa mstari ulionyooka, kwani inayopinda upande mmoja ina mota ya cheni iliyochoka au cheni zisizokazwa sawa. Kwenye mashine za zamani za Japani, mpangilio wa leva hutofautiana kulingana na kiwanda kilichoziunda, kwa hiyo opereta aliyezoea mpangilio mwingine anaweza kuuzungusha mkono akidhani anauinua. Ajaribu kwanza mahali pa wazi.

Cheni za mpira zinafaa kwenye lami na kwenye nyasi, na kwa lantana tupu zinatosha. Kwa visiki vya mshazari ulivyovieleza, vitazichana, nami ningetaka cheni za chuma. Kama unayoikodi ina za mpira, watangulize vibarua kwenye ile ekari moja wakavikate tena visiki viwe bapa, au aanze kuving'oa kutoka ukingoni asipite juu yake.

Kuna jambo moja linaloua mashine nyingi kwenye kazi ya vichaka, nalo ni majani. Yanavutwa na feni, yanaziba rejeta, na mengine yanakusanyika juu ya injini karibu na bomba la moshi mpaka yanawaka. Opereta azime mashine mara tatu au nne kwa siku, afungue vifuniko, aondoe majani yote na kupuliza rejeta. Kizima moto kiwepo kibandani. Pini zipigwe grisi kila saa 10 za kazi, na mvutano wa cheni uangaliwe kila asubuhi. Kibanda kiwe na paa la kuzuia vitu vinavyoanguka na wavu wa chuma mbele, kwani tawi la mgunga likirudi kwa kasi halitasimamishwa na kioo.

Dada wa Marigat alijibu:

Ninaandika kutoka Baringo, Kenya, ambako adui wetu ni mathenge, mti ulioletwa huku mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kutupatia kuni, nao ukatumeza malisho. Kikundi chetu kilichangishana na kukodi eskaveta ndogo kwa msimu mmoja, na tulijifunza jambo ambalo naona litamsaidia ndugu Mchungwa, ingawa mti wake ni mwingine.

Mathenge huchipua kutoka kwenye shingo ya mzizi, sehemu iliyo karibu na uso wa ardhi. Ukikata juu ya ardhi, kisiki kimoja kinakupa matawi kumi. Ukikata sentimita 20 au 30 chini ya ardhi na kuitoa shingo yote, mzizi mrefu uliobaki chini hauna tena uwezo wa kuchipua. Tulipolifahamu hilo, tuliacha kumlazimisha opereta afuate mizizi mpaka chini, kazi ilikwenda haraka na mashimo yakawa madogo.

Mkulagembe haufanyi hivyo. Jamaa zangu wa Kwale wanao, na mizizi yake inayotambaa ubavuni huchipua popote, hata kipande kilichokatika kikabaki ardhini. Maana yake ni kwamba mashine haitaumaliza kwa mara moja, hata opereta awe hodari kiasi gani. Vuteni polepole ili mizizi itoke mirefu badala ya kukatika, pitisheni reki mara ya pili kuokota iliyobaki, na mtenge fedha za vibarua wa kung'oa machipukizi kila baada ya wiki chache kwa misimu miwili. Sisi tulitumia fedha zote kwenye mashine, hatukubakisha ya vibarua, na mbegu zilizokuwa kwenye kinyesi cha mbuzi zikaota tena kama majani ya kitalu. Ilitubidi tuanze upya.

Kwa upande wa mashine, cheni zilitufaa kuliko kitu kingine, kwani miiba ya mathenge hutoboa matairi ya trekta kila siku, lakini cheni ilipita juu yake bila shida.

Mchungwa wa Muheza alijibu:

Ninawashukuru kwa dhati. Nimesoma majibu haya mara mbili na kijana wangu, na tumekubaliana kukodi mashine ya tani 5 yenye kidole na reki, na kutenga fedha ya vibarua kwa misimu miwili kama Dada alivyoonya.

Yamebaki mambo matatu. Kwanza, nianze lini, kwa kuwa huku masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei? Pili, vichaka vilivyong'olewa nivipeleke wapi, je, nivichome? Tatu, kuna mwembe mkavu mpakani, karibu na nyaya za umeme, ambao opereta niliyezungumza naye amesema ataushusha kwa kijiko bila gharama ya ziada.

Bwana Shamba Mstaafu alijibu:

Kijana wangu, nimefanya kazi ya ugani kwa miaka mingi katika mkoa huohuo, na ardhi unayoieleza ninaifahamu. Nitajibu mawili ya kwanza na kuongeza jambo ambalo hukuliuliza.

Fanya kazi hiyo Juni, wiki mbili au tatu baada ya mvua kubwa kukatika. Udongo ukiwa na unyevu wa wastani mizizi huteleza ikatoka, ilhali Februari, udongo ukiwa mkavu kama tofali, itakatikia ndani na mashine itapiga kelele bure. Ukiingia katikati ya masika, cheni zitaukanda udongo wa mfinyanzi mpaka maji yashindwe kupenya, na mchungwa hauvumilii miguu yake kukaa ndani ya maji. Chukua konzi ya udongo kutoka kina cha shubiri moja uifinyange. Ikiwa inanata na kung'aa, subiri.

Usichome chote. Magogo na matawi manene yatenge kwa kuni, wapo watakaokuja kuyachukua. Matawi membamba yaliyokwisha kukung'utwa yapangwe kwa mistari inayokata mteremko, kufuata mistari ya kontua, kila baada ya safu kadhaa za michungwa. Mistari hiyo itazuia udongo usiende kijitoni, na baada ya miaka michache itaoza ikawa chakula cha miti yako. Mizizi ya mkulagembe ndiyo isiwekwe humo, kwa maana itachipua. Ikaushwe juani juu ya magogo, isiguse ardhi, ndipo ichomwe mahali pamoja kwa kibali cha serikali ya kijiji. Ardhi iliyoachwa wazi usiiache ipigwe na vuli ikiwa uchi. Panda kunde mara tu baada ya kusawazisha, nazo zitafunika udongo na kukulisha wewe mwenyewe unaposubiri michungwa.

Usisafishe mpaka ukingoni mwa kijito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira yake, na vijito vingi vya Muheza vinaishia Mto Zigi, ambao maji yake ndiyo yanayonywewa na jiji la Tanga. Pima mita hizo kwa kamba, uweke vigingi vyenye kitambaa chekundu, umwonyeshe opereta. Kabla ya hapo nenda ofisi ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, ya wilaya uwaeleze una miti gani. Mvule, mninga au mpingo ukijitokeza ndani ya kichaka, hata kama shamba ni lako, hauguswi bila kibali, na mbao au magogo hayasafirishwi bila hati. Kamwite pia mzee wa kitongoji apite shambani pamoja nawe. Ardhi iliyokaliwa zamani huwa na makaburi yasiyo na alama, na wenyewe bado wapo kijijini. Nimewahi kuona kazi ikisimama kwa miezi kwa sababu hakuna aliyekwenda kuuliza. Mawe ya mpaka nayo yatafutwe na kuwekewa vigingi mapema, kwa maana kijiko hakijui jiwe la mpaka na jiwe la kawaida.

Mchungwa wa Muheza alijibu:

Shikamoo, mzee wangu, na ahsante sana. Kuhusu makaburi umenigutusha, kwani kuna mkwaju mmoja ambao vibarua walikataa kuufyekea chini yake na sikuwauliza sababu. Nitakwenda kwa mzee wa kitongoji Jumamosi hii.

Opereta wa Kilosa alijibu:

Ndugu yangu, swali lako la mwembe mkavu ndilo lililonirudisha hapa. Usikubali. Mti mkavu hauvunjiki unapotaka wewe. Ukiusukuma chini, mtikisiko unapanda juu na kilele kinakatika na kuanguka nyuma, juu ya kibanda au juu ya waya. Mkono wa mashine ya tani 5 hufika mita 5 na ushee kwenda juu, na umeme wa msongo mkubwa unaweza kuruka hata kabla chuma hakijagusa waya. Andika barua TANESCO, shirika la umeme, wilayani, wao wana watu wa kusafisha njia ya nyaya na wanaweza kuzima laini. Mpaka watakapokuja, funga utepe kuuzunguka mwembe huo kwa umbali unaozidi urefu wake, na mashine isiingie humo kabisa. Opereta anayekuahidi kazi kama hiyo bila gharama ya ziada, muulize maswali mengine kabla hujampa shamba lako.

Muulize, kwa mfano, atatembeaje kwenye mteremko wako. Jibu sahihi ni kwamba atapanda na kushuka moja kwa moja, hatakata ubavu wa mteremko, na atakapoubeba mzigo ataushikilia chini karibu na mashine, kwa maana nguvu ya kunyanyua hupungua sana mkono unaponyooka, na gogo linalobebeka karibu na cheni linaweza kuipindua mashine likiwa mbali ubavuni. Muulize atafanya nini akikutana na mgunga uliokataa kutoka. Akisema ataongeza mafuta, mwache aende. Akisema atarudi nyuma, atachimba tena ubavuni na kuutafuta mzizi unaoushikilia, huyo mpe kazi.

Umtangulize kwenye ile ekari moja ya visiki, kwa siku moja tu, kabla ya mapatano ya kazi nzima. Uwe shambani tangu asubuhi, uzisome saa kwenye mita kabla mashine haijashuka kwenye lori, na ujioni uchukue jembe uchimbe mashimo matatu au manne katika sehemu aliyoimaliza. Ukikuta udongo mweusi ungali juu na kina chake ni kilekile cha chini ya mwembe ambao haujaguswa, mwambie aendelee kesho.